Kungoja Faraja ya Deni: Neno kwa Wadeni wa Tarime na Serengeti

Sheria ya Tanzania haikumwachia mdeni aliyeelemewa njia mbili tu, kulipa au kukimbia, ingawa mtu akisikiliza mazungumzo ya sokoni Tarime, au ya vijiwe vya bodaboda katika kata ya Turwa, au ya vibaraza vya maduka ya Mugumu wilayani Serengeti, aghalabu atasikia habari za njia hizo mbili peke yake: fulani kauza ng'ombe wa mwisho akalipa, fulani kavuka mpaka wa Sirari usiku na hata leo hajulikani aliko. Iko njia ya tatu, nayo ina umri mkubwa kuliko wasomaji wetu wengi, maana chimbuko la Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, ni amri iliyotungwa mwaka 1930, zama za utawala wa Waingereza. Kwa sheria hiyo mtu asiyeweza kulipa madeni yake ana haki ya kwenda mbele ya Mahakama Kuu, kueleza hali yake kwa hati na kiapo, kuomba atangazwe kuwa amefilisika, mali yake ikusanywe na kugawanywa kwa wawia wake kwa insafu, na mwisho wa safari, akiisha kutimiza masharti na mahakama ikiridhika na mwenendo wake, aondolewe dhima ya mabaki ya madeni na aanze maisha upya. Wachache wanaijua njia hii, na katika hao wachache wengi huikwepa kwa sababu ya urefu wake. Makala haya yanahusu urefu huo, na jinsi mtu anavyoweza kukaa ndani yake bila ya kuangamia.

Yafaa kwanza kutazama madeni yenyewe yanatoka wapi, kwa kuwa mwenye kuwadharau wadeni mara nyingi hajui walivyofikia hapo walipo. Nchi ya Tarime ina rutuba: mahindi, ndizi na muhogo humea vizuri, na kahawa hustawi katika nyanda za juu; upande wa Serengeti watu hulima mahindi, mtama, pamba na tumbaku, na pande zote mbili ng'ombe ni akiba, ni mahari, na ni heshima ya mtu mbele ya wenziwe. Lakini fedha taslimu huingia nyumbani kwa misimu, ilhali haja ya fedha haifuati msimu: mbegu na mbolea hutakiwa kabla ya mvua, sare na mahitaji ya shule hutakiwa Januari, na maradhi na misiba huja bila ya hodi. Mkulima hukopa kwa kutumaini mavuno. Mvua ikikata, au bei ya zao ikianguka, au tembo wakitoka hifadhini usiku mmoja wakalimaliza shamba, tumaini huondoka na mkopo hubaki. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na msemo huo ni wa haki kwa aliyekopa kwa ajili ya anasa. Aliyekopa mbegu anastahili maneno mengine.

Wakazi wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wanajua kungoja kwa namna mbili kwa wakati mmoja. Serikali huwapa walioharibiwa mazao malipo yaitwayo kifuta jasho, ambayo kwa kanuni za mwaka 2011 yalikadiriwa kuanzia shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, zisizidi ekari tano, kulingana na umbali wa shamba kutoka hifadhini. Tathmini hufanywa, fomu hujazwa, jina hupelekwa mbele, kisha miezi hupita. Wakati huo huo mkopeshaji, ambaye hakuandika neno tembo popote katika mkataba wake, anahesabu siku. Mtu huyu anangoja malipo ya upande mmoja ili atulize madai ya upande wa pili, na kila siku ya ajizi huku huzaa riba kule. Ni dhuluma kumwita mtu kama huyo mvivu au mlaghai.

Tena kuna madeni ya mjini, ambayo yamemea kwa kasi ya kutisha. Mikopo ya haraka ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu imewaingiza katika dhiki mama lishe, wauza mitumba, madereva wa bodaboda na hata walimu, ambao baadhi yao humkabidhi mkopeshaji kadi ya benki pamoja na namba ya siri, akawa yeye ndiye apokeaye mshahara na mwenye mshahara akawa ndiye aombaye. Watu hawa wajue kwamba Bunge lilitunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018, na kanuni zake zikatoka mwaka 2019. Kwamba mkopeshaji binafsi au kampuni isiyopokea amana lazima awe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Na kwamba riba ya wakopeshaji wa daraja hilo iliwekewa kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Mtumishi wa umma ajue pia kwamba utaratibu wa serikali unataka abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato yote. Kwa hiyo, kabla ya kufikiria ufilisi, mdeni aulize kwanza kama deni analodaiwa ni halali kwa kiasi hicho. Malalamiko huandikwa kwanza kwa mkopeshaji mwenyewe, na nakala yenye sahihi ya mapokezi ikahifadhiwa; asiporidhishwa huyapeleka Benki Kuu, ambayo ina tawi Mwanza na dawati la kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha. Deni la mkopo, peke yake, si kosa la jinai. Mgambo au askari hana mamlaka ya kumkamata mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa rejesho, na anayetishwa hivyo ana haki ya kuuliza kwa upole kosa lake ni lipi na amri ya mahakama iko wapi.

Sasa tuifuate njia ya ufilisi yenyewe. Mdeni, au wakili wake, hupeleka ombi Mahakama Kuu akikiri kwamba hawezi kulipa. Mahakama ikiridhika hutoa amri ya kuiweka mali yake chini ya uangalizi wa ofisi ya ufilisi ya serikali, ambayo kazi zake zimo katika Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ulioanza kazi mwaka 2006. Mdeni hutakiwa kuandika maelezo kamili ya hali yake: kila mwia na kiasi anachodai, kila mali na mahali ilipo, kila mtu ambaye yeye mdeni alimkopesha na bado hajamlipa. Wawia huitwa mkutanoni, na wanaweza kukubali mapatano ya kulipwa sehemu tu ya madai yao. Mdeni huhojiwa mahakamani hadharani, na mapatano yasipopatikana hutangazwa kuwa amefilisika, mali hukusanywa na kugawanywa, na baada ya hayo yote ndipo huomba kuachiliwa. Kila hatua katika hizi ina tangazo lake, ada yake na tarehe yake, na kila tarehe yaweza kuahirishwa.

Sababu za kuchelewa ni nyingi, na si zote ni kosa la mahakama. Hati hurudishwa kwa upungufu. Jina la mwia mmoja husahaulika. Mkataba ulioandikwa kwa mkono katika karatasi ya daftari hauna tarehe. Wakili anadai malipo ambayo mtu aliyefilisika, kwa maana halisi ya hali yake, hana. Hapo zamani mwenye shauri la Mahakama Kuu kutoka Tarime alilazimika kusafiri mpaka Mwanza; siku hizi iko Mahakama Kuu Kanda ya Musoma, na safari imekuwa ya kuvuka daraja la Kirumi juu ya Mto Mara na kurudi siku hiyo hiyo. Mashauri nayo hufunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki, na tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya mahakama. Hizi ni nafuu za kweli na zastahili shukrani. Hata hivyo nafuu ya kufungua shauri si nafuu ya kulimaliza, na mdeni ajiandae kwa miezi mingi.

Katika miezi hiyo mdeni ana kazi, na hili ndilo ninalotaka alishike msomaji. Hatari kubwa ya kungoja si urefu wa muda, bali ni ule ukimya unaomwingia mtu baada ya kukabidhi hati zake, akadhani kwamba sasa mambo yako mikononi mwa wakubwa, akaacha kufungua barua, akazima simu, akasubiri kuitwa. Ombi kuwasilishwa mahakamani si kinga kamili. Wawia wanaweza kuendelea na mashauri yao, na dalali anaweza kufika nyumbani kabla ya amri kutolewa. Lakini sheria imeipa mahakama mamlaka ya kusimamisha mashauri na utekelezaji wa hukumu dhidi ya mdeni tangu ombi lake linapokuwa mbele yake, nayo haitumii mamlaka hayo mpaka iombwe. Basi siku ya kupeleka ombi la ufilisi mwulize wakili, au msaidizi wa kisheria, kuhusu ombi la kusimamisha. Na nakala ya ombi lililopokewa, yenye namba ya shauri, iwe nyumbani mahali panapofikika, ili afikaye kudai aonyeshwe kwa adabu. Kila mwia aandikiwe barua kumjulisha kwamba jambo limefika mahakamani. Mwia aliyejulishwa hukasirika mara moja. Mwia aliyefichwa hukasirika kila siku.

Endapo tayari mwia mmoja ana hukumu mkononi, na mdeni anaitwa aeleze kwa nini asipelekwe gerezani kama mfungwa wa madai, asithubutu kukosa kufika. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inamruhusu hakimu kukataa kumfunga mtu ambaye ameshindwa kulipa kwa umaskini au sababu nyingine ya kutosha, na kuamuru deni lilipwe kwa awamu. Lakini hakimu hawezi kuuona umaskini wa mtu ambaye hayupo. Kifungo cha namna hiyo hakizidi miezi sita, gharama za chakula cha mfungwa hutolewa na yule anayedai, na kutoka gerezani hakufuti deni. Mwanamke hafungwi kwa deni la fedha. Wala si kila kitu huchukuliwa: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda, zana za fundi, na nyumba anamoishi mdeni na mkewe na watoto vimekingwa na sheria hiyo hiyo, isipokuwa nyumba ambayo mwenyewe aliiweka rehani. Na hiyo ya rehani nayo haiuzwi kwa siku moja, kwa kuwa Sheria ya Ardhi humtaka mkopeshaji ampe mdeni taarifa ya maandishi ya siku 60 kabla ya kuchukua hatua. Siku hizo 60 wengi huzipoteza kwa hofu, na zingetosha kuijadili upya ratiba ya marejesho na benki.

Nataka kukaa kidogo juu ya jambo la ng'ombe, kwa sababu katika nchi hii ndilo kishawishi kikubwa kuliko vyote. Mdeni anayengoja mahakama huona mifugo yake zizini na kusikia ushauri wa ndugu: wahamishie kwa shemeji, wavushe mpaka waende kwa jamaa upande wa Kuria nchini Kenya, andika kwamba ni wa baba mdogo. Ushauri huo hutolewa kwa mapenzi, nao huangamiza. Mali iliyotolewa bure au kwa bei ya kujifanya kabla ya kufilisika yaweza kurudishwa kwa amri ya mahakama, na malipo yaliyofanywa kwa siri ili kumpendelea mwia mmoja na kuwanyima wengine yaweza kubatilishwa. Na mbaya zaidi, mtu aliyeficha mali hupoteza kile ambacho ombi lake lote limesimama juu yake, yaani imani ya mahakama, akaja kunyimwa kuachiliwa baada ya kungoja kote kule. Ni heri aandike hesabu ya kweli ya zizi lake, pamoja na ng'ombe ambao kwa haki ni wa mahari ya binti au wa ndugu aliyewapeleka kutunzwa, akaleta mashahidi wa hao wa mwisho, kuliko kupungukiwa na neno lake mwenyewe. Vivyo hivyo asikope mkopo mpya wa kulipia ule wa zamani wakati ombi lingali mahakamani. Kwa hilo sheria humtazama kwa jicho kali.

Kuna watu wengine wanaongoja pamoja na mdeni, nao ni wadhamini. Mikopo mingi ya akina mama na vijana hutolewa kwa vikundi, na mmoja akishindwa wenzake hulipa. Na mikopo ya chama cha akiba na mikopo huwekewa wadhamini wawili watatu ambao ni wafanyakazi wenzake mkopaji au majirani zake. Ufilisi humwachilia mdeni mwenyewe, haumwachilii mdhamini wake. Mwenye kuomba ufilisi bila ya kuwaambia wadhamini wake anawaacha wakutwe na dalali wakiwa hawana habari, na urafiki wa miaka huvunjika kwa siku moja. Waitwe mapema na waelezwe. Ikiwezekana waende pamoja kwa mkopeshaji kupatana, kwa kuwa mara nyingi mkopeshaji akiwaona wote wamekaa mbele yake hukubali kupunguza adhabu na kurefusha muda, na shauri zima likakosa haja.

Na aibu je? Katika jamii ambayo mambo ya ukoo huzungumzwa mbele ya wazee katika ritongo, yaani baraza la jadi, mtu kukiri hadharani kwamba ameshindwa ni jambo zito, na tangazo la ufilisi ni kukiri mbele ya dunia. Sidharau uzito huo. Nimewaona watu wazima wenye akili wakiacha kwenda kanisani, wakiacha kuhudhuria misiba, wakizunguka njia ya nyuma ili wasipite mbele ya duka la anayewadai. Lakini wazee wale wale ambao mdeni anawaogopa ndio wanaoweza kuwa msaada wake wa kwanza: mapatano yaliyofanywa mbele yao na kuandikwa, yakasainiwa na pande zote, yana nguvu hata hakimu akiyasoma. Mke na watoto nao waambiwe ukweli mapema. Nyumba ambayo kila mtu anajua kiasi kilichopo hupanga chakula chake. Nyumba ambayo baba peke yake ndiye anayejua hujikuta imeuziwa kitanda bila ya kufahamu sababu.

Mdeni anayeona haya ya kungoja msamaha na akumbuke kwamba nchi yake nayo iliwahi kungoja. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama katika mkoa huu huu wa Mara, aliuliza hadharani miaka ya 1980 kama ni haki watoto wa Afrika wafe njaa ili madeni yalipwe. Mpango wa kuzisamehe nchi maskini zenye madeni makubwa ulianzishwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1996. Mwalimu alifariki Oktoba 1999 Tanzania ikiwa bado inasubiri. Nchi ilikubaliwa kuingia katika mpango huo Aprili 2000, na msamaha kamili ukapatikana Novemba 2001, kisha mwingine ukaongezwa mwaka 2006. Katika kungoja huko serikali haikukaa kimya. Iliandika mkakati wa kupunguza umaskini, ikaonyesha hesabu zake, ikajibu maswali ya wanaoidai. Na ada za shule za msingi zilipofutwa katika miaka hiyo, watoto wengi waliokuwa nyumbani walikwenda kuandikishwa. Hakuna aliyesema Tanzania imevunjiwa heshima.

Lakini si haki kumwambia mdeni avumilie na kuiacha sheria kama ilivyo. Sheria ya mwaka 1930 ilitungwa kwa kumfikiria mfanyabiashara mwenye vitabu vya hesabu, maduka na wawia wa ng'ambo. Mama wa Turwa anayedaiwa na wakopeshaji watano, naye hana mali zaidi ya meza yake ya sokoni, hana sababu ya kupitishwa katika mikutano, matangazo na mahojiano ya Mahakama Kuu, na gharama za kuomba msamaha zaweza kuzidi deni lenyewe. Majirani zetu wameliona hili. Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015 imeweka utaratibu maalumu kwa mdeni asiye na mali, ambaye madeni yake ni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4 za Kenya, naye huachiliwa baada ya miezi 12. Ikaweka na utaratibu wa kulipa kwa awamu chini ya usimamizi kwa mwenye madeni madogo. Mtu akisimama Sirari anaitazama Isibania, mji wa upande wa Kenya ambako faraja hiyo imekwisha kuandikwa katika sheria, na mwenye deni kama lake upande ule ana mlango ambao yeye hana.

Kwa anayengoja leo, msaada upo karibu kuliko anavyodhani: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi wilayani, ambao huwasaidia wasio na uwezo kuandika barua na kuzielewa hati bila ya malipo. Aanze kwa kuuliza habari zao katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yake, akiwa amechukua mikataba yote na orodha ya wote anaowadai na wanaomdai. Na kwa wabunge wa Mara, wa vyama vyote, naleta ombi moja: Bunge lililomwekea mkopeshaji mdogo sheria yake mwaka 2018 limwekee na mdeni mdogo sheria yake, shauri lake lisikilizwe katika Mahakama ya Wilaya iliyoko Tarime na iliyoko Mugumu, kwa ada ndogo, na kwa muda wenye kikomo kilichoandikwa.